Joseph Whitworth

Sir Joseph Whitworth (Stockport, Uingereza, 21 Desemba 1803 - Monte Carlo, Monako, 22 Januari 1887) alikuwa mhandisi, mvumbuzi na mwenye kiwanda kutoka nchini Uingereza. Anajulikana hasa kwa kupendekeza, mwaka 1841, kipimo kimoja cha meno ya bolti na nati, ambacho kilikuwa cha kwanza duniani kukubaliwa na nchi nzima. Kabla yake, nati iliyotengenezwa katika karakana moja kwa kawaida haikuingia kwenye bolti ya karakana nyingine, na hata ikiingia haikushika vizuri.

Whitworth pia alivumbua njia ya kupata uso wa chuma ulio bapa kabisa, mashine ya kupimia tofauti ya sehemu moja ya milioni ya inchi, na bunduki yenye mtutu wa pande sita. Alikuwa tajiri mkubwa, na sehemu kubwa ya mali yake iliachwa kwa elimu, hospitali na sanaa katika mji wa Manchester na wilaya ya Derbyshire.

Utoto na ujana

Whitworth alizaliwa Stockport, mji wa viwanda vya nguo karibu na Manchester. Baba yake, Charles Whitworth, alikuwa mwalimu, na baadaye akawa mchungaji wa kanisa la Wakongregesheni. Mama yake, Sarah, alifariki Joseph akiwa bado mtoto. Alisoma kwanza nyumbani kwa baba yake, kisha katika shule ya Idle karibu na mji wa Leeds.

Alipofikisha umri wa miaka 14 alipelekwa kwa mjomba wake huko Derbyshire, aliyekuwa na kiwanda cha kusokota pamba. Ndugu zake walitarajia kwamba angejifunza biashara hiyo na siku moja awe mshirika wa mjomba. Kijana mwenyewe hakuvutiwa na hesabu za marobota ya pamba bali na mashine zilizoisokota. Baada ya miaka michache, akiwa amezielewa zote, aliacha nafasi hiyo na kwenda Manchester kufanya kazi ya fundi wa kawaida katika karakana za mashine.

Mwaka 1825 alimwoa Frances Ankers na kuhamia London. Huko aliajiriwa na Henry Maudslay, ambaye karakana yake ilihesabiwa kuwa chuo bora cha ufundi wa chuma nchini humo. Maudslay alikuwa ametengeneza mashine ya kukereza iliyoweza kukata meno ya skrubu kwa usahihi ambao mkono na tupa visingeweza kuufikia. Ndani ya karakana yake mwenyewe alihimiza bolti za unene mmoja ziwe na meno ya aina moja, lakini utaratibu huo uliishia kwenye lango lake. Whitworth alifanya kazi pia kwa Holtzapffel na kwa Joseph Clement, fundi aliyekuwa akitengeneza sehemu za mashine ya kuhesabia iliyobuniwa na Charles Babbage. Kazi hiyo ilihitaji vipande vingi vidogo vinavyofanana kabisa, jambo lililokuwa gumu mno kwa vifaa vya wakati ule.

Uso ulio bapa

Ugunduzi wake wa kwanza mkubwa haukuhusu bolti. Mafundi wa wakati ule walihitaji mabamba ya chuma yaliyo bapa ili kukagua kazi zao, na waliyapata kwa kusugua bamba moja juu ya jingine huku wakiweka unga wa kusagia katikati. Njia hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, unga haukuenea sawasawa, hivyo mahali pengine palilika zaidi. Pili, mabamba mawili yanaweza kugusana kila mahali bila kuwa bapa: moja likiwa na bonde na jingine likiwa na mwinuko unaolingana na bonde hilo, yatakaa pamoja vizuri kabisa na yote mawili yatakuwa na kosa.

Whitworth alitumia mabamba matatu. Bamba la kwanza lililinganishwa na la pili, la pili na la tatu, na la tatu na la kwanza. Mabonde na miinuko haiwezi kujificha katika utaratibu huo, kwa sababu mabamba mawili yenye mwinuko hayawezi kukaa pamoja. Badala ya kusaga kwa unga, alipaka rangi nyembamba juu ya bamba moja, akaligusisha na jingine, kisha akakwangua kwa chuma chenye makali sehemu zilizoshika rangi tu, akarudia tena na tena. Njia yake aliieleza mbele ya wanasayansi mjini Glasgow mwaka 1840. Mabamba matatu bado hutumika kufundishia upimaji katika vyuo vya ufundi.

Kazi hii ndiyo iliyofungua njia kwa mengine yote. Mashine ya kukereza haiwezi kukata meno yaliyo sawa kama kitanda chake kimepinda.

Manchester

Mwaka 1833 Whitworth alirudi Manchester, akapanga chumba chenye nguvu ya mvuke katika mtaa wa Port Street, akatundika kibao kilichomtangaza kuwa mtengeneza zana kutoka London. Muda si mrefu alihamia karakana kubwa zaidi katika mtaa wa Chorlton Street. Alitengeneza mashine za kukereza, kuranda, kutoboa na kukata chuma, na wateja wake walikuwa viwanda vya nguo, watengenezaji wa injini za mvuke na kampuni za reli zilizokuwa zikiongezeka kila mwaka. Mwaka 1842 alipata pia hataza ya gari la kufagia barabara, kwa kuwa mitaa ya Manchester ilijaa uchafu wa farasi.

Wakati ule mafundi wengi walipima kwa rula iliyogawanywa katika sehemu za inchi kama 1/16 na 1/32, na tofauti ndogo zaidi ya hapo iliachwa kwa hisia ya vidole. Whitworth alitaka kazi ipimwe kwa sehemu za elfu za inchi. Alipendekeza inchi igawanywe kwa desimali, na akauza vipimo vya chuma, kipande cha duara na pete yake, ambavyo fundi aliweza kukagulia kazi bila kusoma rula yoyote.

Meno ya bolti

Bolti hushika kwa namna ambayo si rahisi kuiona kwa macho. Nati inapokazwa, bolti huvutika kidogo, kama springi ngumu sana, na kwa kutaka kurudi katika urefu wake hubana vipande vilivyo katikati. Mbano huo huzaa msuguano kati ya meno ya bolti na meno ya nati, na pia chini ya nati. Msuguano ndio unaoizuia nati isijifungue. Mbano ukipotea, msuguano nao hupotea, na mtikisiko wa injini au wa barabara huizungusha nati kidogo kidogo mpaka ianguke.

Kwa hiyo umbo la meno lina uzito mkubwa. Kama meno ya nati yanagusa meno ya bolti katika nukta chache tu, nukta hizo hubondeka zinapobeba mzigo, bolti hupata nafasi ya kurudi katika urefu wake wa mwanzo, na mbano hupungua bila mtu yeyote kugusa spana. Hivyo ndivyo zilivyokuwa bolti nyingi za mwanzoni mwa karne ya 19. Kila karakana ilikuwa na meno yake: mengine marefu, mengine mafupi, mengine yenye ncha kali, mengine butu, na idadi kwa kila inchi ilitegemea kifaa alichokuwa nacho fundi. Katika karakana nyingi kila bolti na nati yake zilitiwa alama ili zisitenganishwe. Mashine ikifunguliwa na nati zikachanganyika, fundi alipoteza saa nyingi akitafuta kila nati na mwenzake. Mashine ikiharibika mbali na kiwanda kilichoitengeneza, bolti mpya ilibidi ichongwe kwa kuigiza ile iliyokatika.

Kwa kampuni za reli hali hiyo ilikuwa mzigo mzito. Kampuni moja ingeweza kununua injini kutoka kwa watengenezaji kadhaa, na kila mmoja alileta na meno yake.

Whitworth hakubuni meno yake akiwa peke yake mezani. Alikusanya bolti kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima moja moja na kutafuta wastani. Aliona kwamba jino la bolti ni lazima lipatanishe mahitaji yanayopingana. Jino kubwa lina nguvu lakini hula unene wa bolti na kuidhoofisha. Jino dogo huacha bolti ikiwa nene lakini huharibika haraka, hasa katika chuma cha kusubu. Mteremko ukiwa mkali, nati hufungwa haraka lakini hushika kidogo. Ukiwa wa taratibu, hushika zaidi lakini hukawia kufungwa.

Mwaka 1841 aliwasilisha mapendekezo yake mbele ya Taasisi ya Wahandisi wa Ujenzi mjini London. Pembe kati ya pande mbili za jino iwe digrii 55, ambayo ilikuwa wastani wa bolti alizozikusanya. Sehemu moja ya sita ya kimo cha pembetatu ya jino iondolewe kwa kuviringwa juu, na kiasi kilekile chini. Kuviringwa huko kulikuwa na maana: ncha kali ya juu huharibika bolti ikigongwa, na pembe kali ya chini ndipo ufa huanzia. Kisha kila unene wa bolti ulipewa idadi yake ya meno: bolti ya robo inchi meno 20 kwa inchi, ya nusu inchi meno 12, ya inchi moja meno 8.

Hakukuwa na sheria ya kumlazimisha mtu yeyote kukubali. Kilichosaidia ni kwamba wastani huo haukuwa mbali sana na yale ambayo karakana nyingi zilikuwa zikifanya, na kwamba Whitworth mwenyewe aliuza vifaa vya kukatia meno hayo, vilivyokuwa bora kuliko vingine sokoni. Kampuni za reli zilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyatumia, na karakana nyingine zikafuata kadiri wateja wao walivyodai bolti za aina hiyo.

Jaribio kubwa lilikuja wakati wa Vita ya Krimea (1853 - 1856). Jeshi la wanamaji la Uingereza lilihitaji haraka boti ndogo za mizinga zenye injini za mvuke. John Penn, mtengenezaji wa injini, alifungua injini iliyokwisha kamilika na kugawa sehemu zake kwa karakana mbalimbali nchini ziwe vielelezo. Kwa kuwa karakana hizo zilikuwa zikitumia meno ya Whitworth, vipande vilivyotengenezwa miji tofauti viliweza kufungwa pamoja, na seti 90 za injini zilipatikana kwa muda wa siku 90 hivi.

Mashine ya kupimia

Katika Maonyesho Makubwa ya London ya mwaka 1851, Whitworth alionyesha zana nyingi kuliko mtengenezaji mwingine yeyote wa fani yake. Kilichowashangaza watu zaidi kilikuwa mashine yake ya kupimia, ambayo ndani yake bolti yenyewe ilikuwa chombo cha kipimo.

Mashine hiyo ya milioni ilikuwa na skrubu yenye meno 20 kwa inchi. Skrubu ilizungushwa na gurudumu lenye meno 200, na gurudumu hilo lilisukumwa na jingine lililogawanywa katika mistari 250. Kuzidisha 20 kwa 200 kwa 250 kunatoa 1,000,000, hivyo kusogeza gurudumu mstari mmoja kulisogeza ncha ya mashine sehemu moja ya milioni ya inchi, yaani milimita 0.0000254. Kipande kidogo cha feleji kiliwekwa kati ya ncha na kitu kinachopimwa. Kikibanwa vya kutosha kilibaki kimening'inia. Gurudumu likirudishwa mstari mmoja, kilianguka. Joto la mkono wa mtu aliyegusa kitu kinachopimwa lilitosha kubadilisha jibu.

Mwaka 1853 serikali ilimtuma Marekani pamoja na wajumbe wengine kwenda kwenye maonyesho ya viwanda ya New York. Alitembelea viwanda huko na kuandika ripoti kuhusu namna Wamarekani walivyotumia mashine kutengeneza bunduki, saa na kufuli zenye sehemu zinazobadilishana.

Bunduki na mizinga

Mwaka 1854 jeshi la Uingereza lilimwomba Whitworth asaidie kutengeneza mashine za kuzalisha bunduki ya Enfield. Alijibu kwamba kabla ya kutengeneza mashine ni lazima kwanza ijulikane kwa nini bunduki hulenga vizuri au vibaya. Serikali ilimgharamia jengo refu la majaribio, lenye urefu wa yadi 500 (mita 457 hivi), katika uwanja wa nyumba yake ya The Firs nje ya Manchester. Dhoruba ililibomoa, likajengwa upya.

Matokeo yalikuwa bunduki yenye mtutu wa pande sita uliojipinda, wenye upana wa inchi 0.45, na risasi ndefu iliyochongwa kulingana nao. Katika majaribio ya mwaka 1857 iliishinda Enfield kwa tofauti kubwa, hasa kwa masafa marefu. Hata hivyo jeshi liliikataa. Mtutu ulionekana mwembamba mno, uchafu wa baruti uliuziba haraka, na bei yake ilikuwa juu. Miaka iliyofuata jeshi lenyewe lilikuja kuona kwamba upana wa inchi 0.45 ndio unaofaa, na mwaka 1871 likapokea bunduki ya Martini-Henry yenye upana huo.

Tarehe 2 Julai 1860 Malkia Victoria alifungua mashindano ya kwanza ya chama cha taifa cha walenga shabaha huko Wimbledon kwa kuvuta kamba iliyofyatua bunduki ya Whitworth iliyofungwa kwenye mhimili. Risasi iligonga karibu kabisa na katikati ya shabaha iliyokuwa yadi 400 mbele.

Wateja waliozitumia bunduki hizo vitani walikuwa majimbo ya Kusini katika Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani. Zilikuwa chache na ghali, zikapewa walenga shabaha hodari. Jenerali John Sedgwick wa jeshi la Kaskazini, aliyeuawa Spotsylvania tarehe 9 Mei 1864, anaaminika kuwa alipigwa kwa risasi ya Whitworth. Whitworth alitengeneza pia mizinga, na kwa miaka mingi alishindana kwa uchungu na William Armstrong kupata zabuni za serikali. Mara nyingi Armstrong ndiye aliyeshinda.

Utafiti wa mizinga ulimwongoza kwenye feleji. Feleji iliyomiminwa ilipopoa ilibaki na vishimo vya hewa ndani, na mzinga wenye vishimo ungeweza kupasuka. Whitworth aliikandamiza kwa mashine ya maji yenye nguvu kubwa ikiwa bado kimiminika, na hewa ikatoka. Feleji hiyo ilitumika baadaye pia kwa mihimili ya rafadha za meli.

Mwajiri na mfadhili

Mwaka 1868 alianzisha mfuko wa ufadhili wa masomo wenye thamani ya pauni 3,000 kwa mwaka, yaani nafasi 30 za pauni 100 kila moja, kwa vijana wanaotaka kusomea uhandisi. Masharti yake yalikuwa mageni kwa wakati huo: mwombaji alitakiwa kufanya mitihani ya nadharia na pia kuonyesha kwamba anaweza kutumia zana kwa mikono yake. Fundi wa karakana aliyejisomea usiku aliweza kushindana na mtoto wa tajiri. Ufadhili huo unaendelea kutolewa hadi leo chini ya Taasisi ya Wahandisi wa Mitambo, ambayo Whitworth aliwahi kuwa rais wake mwaka 1856 na tena 1866.

Mwaka 1874 alibadilisha karakana zake kuwa kampuni ya hisa, akawawezesha makarani, wachoraji na mafundi kununua hisa, ingawa sehemu kubwa na mamlaka ilibaki kwake na kwa wasimamizi wake. Mwaka 1880 kazi ilianza kuhamishiwa Openshaw, mashariki mwa Manchester. Miaka kumi baada ya kifo chake, mwaka 1897, kampuni hiyo iliunganishwa na ile ya mshindani wake na kuitwa Armstrong Whitworth.

Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1857, na mwaka 1869 alipewa cheo cha baroneti.

Mke wake wa kwanza, Frances, alifariki mwaka 1870. Mwaka uliofuata alimwoa Mary Louisa Orrell. Hakuwa na mtoto katika ndoa zote mbili, na cheo chake kiliisha pamoja naye. Miaka yake ya mwisho aliishi Stancliffe, Darley Dale, katika Derbyshire, ambako alitengeneza bustani, akafuga farasi wa mbio za mwendo wa mshindo, na kujitengenezea meza ya biliadi ya chuma iliyosifika kwa ubapa wake. Kwa sababu ya afya alikuwa akienda kusini mwa Ulaya wakati wa baridi, na huko Monte Carlo ndiko alikofariki. Alizikwa katika kanisa la Mt. Helena, Darley Dale.

Wasimamizi wa mirathi walitumia mali yake kuanzisha jumba la sanaa la Whitworth mjini Manchester, kujenga taasisi ya jamii huko Darley Dale na kusaidia hospitali ya Christie, ambayo sasa ni kituo kikubwa cha matibabu ya saratani.

Meno ya Whitworth baada yake

Mwaka 1864 mhandisi William Sellers wa Philadelphia alipendekeza meno mengine kwa ajili ya Marekani. Aliona pembe ya digrii 55 ni ngumu kuikagua na mviringo wa juu na chini ni mgumu kuukata, akachagua digrii 60 na kilele bapa, ambacho fundi wa kawaida aliweza kukitengeneza. Tangu hapo nchi mbili kubwa za viwanda zilikuwa na bolti zisizoingiliana.

Udhaifu mwingine ulijitokeza magari na ndege zilipoenea. Meno ya Whitworth yalikuwa makubwa, yaliyofaa chuma cha kusubu na injini nzito za mvuke. Katika injini ndogo zinazozunguka kwa kasi, nati zake zilielekea kulegea, kwa sababu mteremko wa jino kubwa ni mkali zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza waliongeza mfululizo mwingine, unaojulikana kwa kifupi BSF, wenye umbo lilelile la digrii 55 lakini meno madogo zaidi: bolti ya nusu inchi ilipata meno 16 badala ya 12. Mafundi waliongeza pia nati ya pili ya kukazia ya kwanza, pini ya kupasuka, waya wa kufungia na, kuanzia miaka ya 1950, gundi maalumu inayokauka ndani ya meno. Njia hizo zote huonekana leo katika magari ya mbio fupi za kasi, ambapo gari zima hutikisika kwa sekunde chache na mafundi hukagua bolti kabla ya kila mbio.

Mwaka 1969 Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwa majaribio kwamba bolti hulegea zaidi pale vipande vilivyobanwa vinapoteleza upande kwa upande, kuliko vinapovutwa kwa kufuata urefu wa bolti. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni mbano wa kutosha kuzuia kuteleza huko. Washa na pini huja baadaye.

Tofauti kati ya Uingereza na Marekani ilileta gharama kubwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kampuni ya Packard ya Detroit, ilipopewa kazi ya kuzalisha injini ya ndege ya Rolls-Royce Merlin, ilibidi itengeneze yenyewe vifaa vya kukatia meno ya Kiingereza. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana juu ya meno ya pamoja yenye pembe ya digrii 60. Mwaka 1965 shirika la viwango la Uingereza lilishauri wahandisi waachane na meno ya Whitworth na kutumia ya metriki.

Hata hivyo hayajatoweka. Spana za Whitworth bado hutafutwa na wanaotunza magari ya zamani ya Kiingereza, yakiwemo Land Rover za miaka ya mwanzo, zilizotumia zaidi bolti za BSF. Namba ya spana hizo huwachanganya wasiozizoea, maana hutaja unene wa bolti na si upana wa mdomo: spana iliyoandikwa 1/2 ina mdomo wa inchi 0.92. Skrubu ya kufungia kamera juu ya miguu mitatu ni ya robo inchi yenye meno 20 kwa inchi, idadi ileile ya mwaka 1841.

Mahali ambapo umbo la Whitworth limeenea zaidi ni katika mabomba ya maji. Kipimo cha mabomba cha Uingereza, kinachotumika pia Kenya, Tanzania na Uganda, kina pembe ya digrii 55 na mviringo wake. Koki ya nusu inchi inayouzwa katika duka la vifaa vya ujenzi ina meno 14 kwa inchi, na utepe mweupe ambao fundi bomba huuzungusha kabla ya kuifunga huziba nafasi ndogo zinazobaki kati ya jino na jino.